Dawa ya Mahindi Iliyoharibu Mtama: Kinachotokea Ndani ya Mmea

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama mkulima wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Msimu huu nililima ekari mbili za mahindi, na pembeni yake ekari moja ya mtama wa Macia. Majani yakanizidi, vibarua wa kupalilia hawapatikani, nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji akanipa dawa akisema ni ya kuchagua, inaua majani na kuacha zao. Kijana wa bomba alipomaliza mahindi dawa ikabaki, akasema, “Mama, tusiimwage,” akapiga na kwenye mtama. Leo ni wiki ya pili. Mahindi yako vizuri kabisa. Mtama haukui, majani ya moyoni yamekuwa ya njano na mengine yana rangi ya zambarau. Kwenye chupa imeandikwa nikosulfuroni. Dawa inajuaje kwamba hili ni zao na hili ni gugu? Mtama si ndugu wa mahindi? Utapona, au nipande kitu kingine? Na mbuzi wameshaanza kuusogelea.

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana kwa ekari hiyo. Nianze na hilo linalokuuma: sehemu kubwa ya mtama huo haitarudi katika hali ya kukupa mavuno. Nikosulfuroni ni dawa ya mahindi, na mtama umo katika kundi la mimea ambayo dawa hiyo huidumaza au kuiua. Nitakueleza chini namna ya kukagua mashina yaliyosalia na nini cha kupanda. Ila swali lako la kwanza, dawa inajuaje, ndilo ningependa kila mkulima wa Dodoma aliulize kabla ya kushika bomba. Kwa hiyo nivumilie, nitalijibu kwa urefu.

Dawa haijui chochote. Iliingia kwenye mahindi yako, ikaingia kwenye mtama, ikaingia kwenye nyasi, na kote ilikwenda kushika kitu kilekile. Tofauti ilikuja baada ya hapo, na aliyeileta ni mmea wenyewe.

Fuata tone moja. Linatua juu ya jani, linakutana na nta inayolifunika jani. Ndani ya dawa umewekwa uowevu unaosaidia tone kutandaa na kupenya nta hiyo, na kwa saa chache sehemu kubwa ya kiambato hai, yaani ile sumu yenyewe, huwa imeshaingia. Ikishaingia inajiunga na msafara wa sukari. Mmea hutengeneza sukari kwenye majani yaliyokomaa, kisha huisafirisha kwa mirija ya chakula hadi kule kunakokua: kwenye moyo wa mmea na kwenye ncha za mizizi. Dawa inabebwa humo humo. Ndiyo maana tone lililotua kwenye jani la nje linaua moyo ambao haukuguswa na bomba.

Kule moyoni kuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za seli, kiitwacho asetolaktati sinthesi. Kazi yake ni hatua ya mwanzo ya kutengeneza asidi amino tatu: valini, lusini na isolusini. Bila hizo tatu hakuna protini mpya, na bila protini mpya hakuna seli mpya. Nikosulfuroni hujibana kwenye kimeng'enya hicho na kukizuia kufanya kazi. Ndani ya saa chache seli za moyoni zinaacha kugawanyika. Mmea umesimama tayari, lakini kwa macho huoni kitu.

Hapa ndipo wengi wanaponasa. Majani ya zamani yana protini zake tayari, yanaendelea kuwa ya kijani kwa siku kadhaa. Mtu anapita shambani siku ya tatu, anaona majani bado mabichi, anasema dawa ni feki, anapiga mara ya pili. Mama, nikosulfuroni haiunguzi. Inasimamisha ukuaji kwanza, kisha moyo unakuwa wa njano, sukari isiyo na pa kwenda inajaa kwenye majani na kuleta ile rangi ya zambarau uliyoiona, na kifo chenyewe huchukua wiki mbili hadi tatu. Ulichoandika kuhusu mtama wako ni picha kamili ya kazi yake.

Na kiasi kinachofanya hayo ni kidogo mno. Kipimo cha kawaida cha kiambato chenyewe ni kama gramu 40 hadi 60 kwa hekta, yaani gramu 16 hadi 24 kwa ekari yako nzima. Kinachoijaza chupa ni maji, mafuta na vibebeo. Kwa kundi hili la dawa, lililoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabaki ya chini ya bomba si kitu cha kudharau.

Binadamu na mifugo hatuna kimeng'enya hicho kabisa. Zile asidi amino tatu sisi tunazipata kwenye chakula: kunde, maziwa, nyama. Kwa sababu hiyo sumu ya nikosulfuroni kwa mtu ni ndogo ukilinganisha na dawa nyingi za wadudu. Hata hivyo kijana wako avae glavu, viatu vya kufunika na nguo ya mikono mirefu, kwa sababu vibebeo vilivyomo huwasha ngozi na macho, na kwa sababu bomba analolivaa mgongoni leo jana lilikuwa na dawa ya wadudu.

Sasa mahindi. Mahindi nayo yana asetolaktati sinthesi, na ni dhaifu mbele ya nikosulfuroni sawasawa na ile ya mtama. Ukiichukua ukaiweka kwenye chupa ya maabara pamoja na dawa, inazimika. Kinachoyaokoa mahindi ni kitu kingine: yana kimeng'enya cha ukoo mkubwa uitwao saitokromu P450, ambacho kinaikamata dawa ikiwa bado njiani na kuichomekea oksijeni mahali fulani kwenye umbo lake. Mmea kisha unaigandisha sukari mahali hapo, na mzigo mzima unapelekwa kufungiwa kwenye mfuko ulio ndani ya seli. Umbo likishabadilika, dawa haiwezi tena kujibana kwenye kimeng'enya cha moyoni. Kazi hii inafanyika kwa saa, si kwa siku. Wakati nyasi zinahangaika na dawa ikiwa nzima, mahindi yameshaivunja sehemu kubwa.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni kwamba yapo mahindi yanayokufa. Baadhi ya mahindi matamu ya kuchemsha, na baadhi ya mistari ya wazazi inayotumika kuzalisha mbegu chotara, imerithi jeni mbovu ya kimeng'enya hicho kutoka pande zote mbili. Ukipiga nikosulfuroni, inakauka kama nyasi. Ni mahindi kwa sura, kwa jina na kwa punje, lakini chombo cha kuvunjia dawa hakipo.

Umeuliza kama mtama si ndugu wa mahindi. Ni ndugu, tena wa karibu. Wanasayansi wanakadiria kwamba babu yao mmoja aliishi takriban miaka milioni 12 iliyopita. Ila undugu huo haukuupa mtama uwezo wa kuivunja nikosulfuroni kwa kasi inayotosha. Tena kuna jambo ambalo muuzaji angelisema kama angesoma kibandiko: moja ya sababu kubwa za kutengenezwa kwa dawa hii ilikuwa kuua mtama mwitu ndani ya mahindi. Nyasi hizo ni sugu, zina mizizi ya kutambaa, na hapo nyuma hazikuwa na dawa inayoweza kuzitoa katikati ya mahindi bila kuyaua. Mtama wako ulipigwa na dawa iliyotengenezwa kumwinda binamu yake.

Neno ninalotaka ulishike hapa ni kasi. Fikiria mashine ya kusaga pale Kibaigwa. Mahindi yakimiminwa kwa kiasi inachoweza, unga unatoka na mashine inaimba. Ukimwaga gunia zima kwa mpigo, inazidiwa na kukwama, ingawa ni mashine ileile. Mmea wa mahindi nao una kiasi unachoweza kukivunja kwa saa. Ukiuletea dawa kwa kasi kuliko hiyo, au ukiidhoofisha mashine yake, zao linaumia kama gugu. Kwa hiyo ile ahadi ya “inaua majani na kuacha zao” ina masharti, na masharti yenyewe yapo mikononi mwa anayepiga.

Sharti la wazi ni kipimo. Kijana akirudia mstari, au akitembea polepole huku akisukuma bomba kwa nguvu, mahindi ya mahali hapo yamepata mara mbili. Umri nao una uzito. Mahindi yenye majani matatu hadi sita yako kwenye kilele cha uwezo wake wa kuvunja dawa, na magugu bado ni madogo. Ukichelewa hadi mahindi yafike kiunoni, dawa inaweza kuingia wakati gunzi linaanza kuumbika ndani ya shina, na utakuja kuona magunzi mafupi, yaliyobanwa, bila kujua yalianzia wapi. Hali ya hewa pia. Kule kwenu mvua huanza Desemba, kisha Januari au Februari jua linawaka kichwani wiki mbili au tatu bila tone la mvua. Mahindi yaliyokunja majani kwa kiu mashine yake inafanya kazi taratibu. Na magugu ya wakati huo yamejiwekea nta nene na vumbi juu, dawa haipenyi, sukari haitembei, na dawa iliyo ndani haina msafara wa kuibeba. Unapoteza pande zote. Ngoja mvua inyeshe, mimea iamke siku mbili tatu, halafu piga asubuhi umande ukishakauka.

Sharti jingine linanipa wasiwasi kuliko yote, kwa sababu halionekani. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini, karibu kila mkulima wa mahindi anabeba dawa ya wadudu, na vijana wa mabomba wanapenda kuchanganya zote mbili ili wapite shambani mara moja. Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa madukani kwetu, kama profenofosi, ni za kundi la oganofosfeti. Kundi hili hukibana kile kimeng'enya cha mahindi kinachovunja nikosulfuroni. Umeshaona kinachofuata. Mahindi yanabaki bila kinga kwa siku kadhaa, na dawa uliyoinunua kwa ajili ya mahindi inayashika kama inavyoshika nyasi. Usichanganye, na ukishapiga moja, acha walau wiki kabla ya kupiga nyingine. Kama viwavi wamezidi na huwezi kusubiri, mwambie muuzaji akupe dawa ya wadudu isiyo ya oganofosfeti, na akuonyeshe jina la kiambato kwenye chupa, usiridhike na jina la biashara.

Nihame kidogo kutoka kwenye chupa yako, kwa sababu najua msimu ujao utarudi dukani na kuuliza dawa ya mtama. Zipo mbili utakazoonyeshwa mara nyingi, na kila moja inaachia mtama kwa njia yake.

Ya kwanza ni atrazini, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Hii hasa hunywewa na mizizi na kupanda juu kwa mirija ya maji. Inakwenda kwenye majani kujibana mahali ambapo mmea unapitisha nguvu ya jua ili kutengeneza chakula. Wengi hudhani gugu linakufa kwa njaa. Hapana, njaa ingechukua muda mrefu. Nguvu ya jua inaendelea kuingia kwenye jani ilhali njia yake imezibwa, inageukia oksijeni na kuifanya kali, na oksijeni hiyo inachana ngozi za seli. Gugu linaunguzwa na jua lake lenyewe. Na hapa undugu wa mahindi na mtama unaonekana: yote mawili yana kimeng'enya kinachoifunga atrazini pamoja na kitu kiitwacho glutathioni, ikawa haina madhara. Mahindi yana na njia ya ziada, kwa hiyo yanaistahimili zaidi. Mtama kwenye udongo wa kichanga usio na mboji, na vijiji vingi vya Chamwino udongo ndivyo ulivyo, unaweza kuunguzwa ukizidisha kipimo au mvua kubwa ikiisukuma dawa hadi kwenye mizizi michanga.

Utajuaje jani limeunguzwa na ipi? Tazama madhara yanaanzia wapi. Atrazini hufuata maji, kwa hiyo majani ya chini na ya zamani huanza, tena pembezoni. Nikosulfuroni hufuata sukari, kwa hiyo moyo na majani mapya huanza. Ukikariri hilo tu, utaweza kujua shamba la jirani lilipigwa nini hata kabla hajafungua mdomo.

Kasoro ya atrazini kwetu ni ukame. Kinachoimaliza udongoni ni vijidudu na unyevu, na ardhi yetu hukaa kavu kuanzia Mei hadi Novemba. Mabaki yanaweza kukusubiri msimu unaofuata. Mtama hautajali, lakini alizeti na kunde zitajali sana. Ukishatumia atrazini kwenye ekari, usipange alizeti hapo mwaka unaofuata bila kupima kwanza, kwa namna nitakayokueleza.

Ya pili ni 2,4-D, ya zamani kuliko zote, iliyotoka katikati ya miaka ya 1940. Hii inaiga homoni ya mmea iitwayo oksini, ile inayoamua wapi mmea ukue na wapi uiname. Mwaka 2005 ndipo watafiti walipokitambua kipokezi cha homoni hiyo ndani ya seli, na ikaonekana kwamba 2,4-D inashika kipokezi hichohicho. Tofauti ni kwamba oksini ya kweli mmea unaizima ikimaliza kazi, na 2,4-D mmea wa majani mapana hauwezi kuizima kwa wepesi. Amri ya kukua inaendelea kutolewa bila kukoma. Mashina yanajipinda, vikonyo vinavimba, mirija inabanwa na tishu zisizo na mpango, na gugu linakufa likiwa limejikunja. Nyasi nyingi, mtama ukiwamo, huivunja haraka zaidi, huisafirisha kidogo, na mirija yake imetawanyika ndani ya shina bila ile tabaka inayovimba kwenye majani mapana. Kwa hiyo mtama unastahimili, ila kwa umri wake: ukiwa na urefu wa kati ya sentimita 10 na 25 hivi. Ukipiga mapema zaidi unalala chini, na ukipiga wakati suke limo tumboni unaweza kupata masuke matupu.

Kabla hujaikimbilia 2,4-D, mama, naomba uangalie kuna nini katikati ya mtama wako. Kwetu watu huchanganya mtama na kunde, karanga, maboga. Vyote ni majani mapana, na vitakwenda na magugu. Na mlenda nao. Wanawake wa Dodoma wanachuma mlenda na mchicha pori ndani ya mashamba, tena watoto ndio wanaotumwa. Kwa macho ya dawa hiyo ni magugu, na kwa siku chache baada ya kupigwa bado yanaonekana mabichi na ya kuvutia. Shamba lililopigwa dawa yoyote ya majani halichumwi mboga. Waambie watoto na majirani kabla ya kupiga, si baada.

Kuna na zabibu. Mzabibu ni miongoni mwa mimea inayoumizwa upesi sana na 2,4-D. Mvuke au matone machache yaliyobebwa na upepo yanatosha kuyafanya majani machanga yawe kama feni, yenye mishipa iliyokaribiana na ncha kali, na wakati wa maua vishada vinapukutika. Na msimu wa kupiga dawa kwenye mtama, Januari, ndio wakati mizabibu mingi ya Mpunguzi na Hombolo inabeba matunda ya mavuno ya Februari na Machi. Kama jirani yako ana mizabibu upande unakoelekea upepo, 2,4-D isikufikie mkononi. Palilia kwa jembe. Najua umesema vibarua hawapatikani, na najua jembe linachosha mgongo, lakini mzabibu ni mali ya miaka mingi na hasara yake hutaweza kuilipa.

Kuhusu kiduha, ambacho nina hakika kipo kwenye mtama wenu, dawa hizi za kupiga juu si jibu. Kiduha hujishikiza kwenye mizizi ya mtama na kunyonya kikiwa bado chini ya ardhi. Ukikiona kimetoa maua, wizi umeshafanyika. Kukiua hapo kunasaidia tu kisimwage mbegu, na mmea mmoja humwaga maelfu kwa maelfu zinazodumu udongoni miaka mingi. Kwa hilo tafuta mbegu inayokistahimili, kama Hakika au Wahi, na uulize kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Hombolo upatikanaji wake. Wale ndio wanaoshughulika na mtama na uwele kwa ukanda wetu.

Na alizeti, kwa sababu naona wengi wa Chamwino mnahamia huko: dawa za kundi la haloksifopu na kwizalofopu zinaua nyasi na kuacha alizeti na karanga. Hapa mmea hauna haja ya kuvunja chochote. Nyasi zina kimeng'enya cha kutengeneza mafuta ya seli chenye umbo la kipande kimoja kikubwa, na dawa inakaa juu yake vizuri. Alizeti na karanga, ndani ya viwanda vya kijani vya seli zake, zina kimeng'enya chenye kazi hiyohiyo kilichounganishwa kwa vipande kadhaa, na dawa haipati pa kushika. Huu ndio uchaguzi imara kuliko wote, kwa sababu hautegemei kasi. Lakini tone lake moja likipeperukia kwenye mtama au mahindi, moyo unaoza na ukiuvuta unatoka mkononi.

Turudi kwenye ekari yako. Kesho asubuhi chukua kisu, tembea shamba zima kwa kukatisha kona hadi kona, ng'oa shina moja hapa na moja pale, sio yale mabaya tu. Pasua kila shina kwa urefu kuanzia mizizini. Ndani, karibu na chini, utakuta kitovu cha ukuaji. Kikiwa cheupe na kigumu, shina hilo liko hai. Kikiwa cha kahawia na kinateleza, limekufa. Yale yaliyo hai yanaweza kuchipua upya, ila yatachelewa na yatatoa masuke kwa nyakati tofauti, na ndege watayamaliza yale ya mwanzo. Kama zaidi ya nusu ya mashina yako hai na umbali kati yake unaridhisha, yaache. Kama ni chini ya hapo, lima upya.

Ukilima upya, usirudishe mtama wala uwele, na usipande alizeti. Mabaki ya nikosulfuroni udongoni yanaweza kuumiza mimea hiyo kwa miezi mingi, na zaidi kama udongo wako una chumvi-chumvi au chokaa, maana humo dawa inavunjika taratibu. Mahindi ya muda mfupi ndiyo salama kwa upande wa dawa, kama bado una mvua ya kuyafikisha. Kwa kunde, fanya kipimo kabla ya kuingia gharama. Chukua udongo wa juu kutoka sehemu mbalimbali za ekari iliyopigwa, jaza makopo mawili matatu. Jaza mengine udongo wa mahali pasipopigwa. Panda kunde kwenye yote, mwagilia sawa, uyaweke mahali pamoja juani. Ndani ya wiki mbili utaona. Mizizi ikiwa mifupi na majani mapya ya njano upande wa udongo uliopigwa, acha. Najua wiki mbili ni nyingi kwa msimu wetu. Ndiyo maana nakuambia uanze leo hii, sambamba na kupasua mashina.

Bomba nalo lioshwe. Maji safi mara tatu, sabuni katika mara ya pili, na maji yapulizwe kupitia mpira na pua yake, sio kumwagwa tu kwa juu. Kichujio kifunguliwe, ndiko dawa inakojificha. Maji hayo yamwagwe kwenye sehemu ya mahindi iliyokwisha kupigwa, mbali na kisima na lambo la mifugo. Na siku nyingine dawa ikibaki, kosa ni la hesabu ya mwanzo: pima kwanza bomba moja la maji matupu linafika hatua ngapi shambani, ndipo uchanganye dawa kwa kiasi kinachohitajika. Dukani tafuta namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwenye kibandiko, na orodha ya mazao yanayoruhusiwa. Kama mtama haumo kwenye orodha hiyo, dawa ni ya kuua mtama mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mbuzi wafunge leo, usingoje kesho. Mtama mchanga, na hasa uliodumaa au uliopata mshituko wa ukame au dawa, hujaza majani yake kitu ambacho tumboni mwa mnyama hugeuka kuwa sianidi. Mbuzi au ng'ombe akila wa kutosha anaweza kuanguka akihema kwa shida ndani ya dakika chache. Machipukizi yatakayotoka kwenye mashina yaliyosalia ni ya hatari zaidi, kwa hiyo wasiachiwe humo hadi mtama upite urefu wa kiunoni. Ukiamua kuung'oa, ukate, uutandaze juani mpaka ukauke kabisa, majani na mabua. Sumu hiyo hupungua sana ukikauka vizuri. Lakini kwa kuwa huu umepigwa dawa ambayo haikuandikiwa mtama, na hakuna kipimo cha siku za kusubiri kwa lishe yake, usiwalishe hata ukiwa mkavu. Ufukie ndani ya ekari hiyohiyo.